Kubadilisha mafaili ya programu ilhali inaendelea kufanya kazi: kwa nini matokeo hutofautiana?

mtunza_seva

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Ninasimamia seva ya Linux inayoendesha huduma kadhaa, na utaratibu wa kusasisha niliokabidhiwa ni huu: mafaili mapya hunakiliwa kwa amri ya cp moja kwa moja juu ya yale ya zamani, programu zikiwa bado zinahudumia watumiaji, kisha huduma huwashwa upya baadaye, watu wakishapungua. Nilipoanza kuufuatilia utaratibu huo kwa makini, niliona mambo matatu ambayo sijaweza kuyapatanisha.

Programu ya kwanza, ambayo ni faili moja la msimbo wa mashine, ilikataa kabisa kuandikwa juu yake. Cp ilirudisha kosa la ETXTBSY, yaani faili linatumika, na faili la zamani likabaki salama. Ya pili hutegemea maktaba shirikishi, yaani faili la .so lenye msimbo unaoweza kutumiwa na programu nyingi. Hapo cp ilimaliza kazi yake bila lalamiko lolote, lakini muda mfupi baadaye mchakato, yaani programu iliyo kazini, ukauawa kwa ishara ya SIGBUS, na katika jaribio jingine ukauawa kwa SIGSEGV, ambazo zote ni ishara za makosa ya kufikia kumbukumbu. Ya tatu imeandikwa kwa Python, nayo iliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, hadi mtumiaji mmoja alipoomba ripoti ambayo haikuwa imeombwa na mtu yeyote tangu huduma iwashwe. Programu ikatoa kosa kwamba inaita funksheni isiyokuwepo, na mstari uliotajwa kwenye taarifa ya kosa, nilipoutazama, ulikuwa ni maelezo matupu yasiyoendeshwa kabisa.

Ninaomba kufahamishwa kwa nini kitendo kilekile kinazaa matokeo tofauti kiasi hiki, na kama upo utaratibu wa kusasisha usiolazimu huduma kusimama.

ganda_tupu

Ndugu mtunza_seva, mkanganyiko huu una chanzo kimoja: programu inayoendeshwa haihamishiwi yote kwenye kumbukumbu kama wengi wanavyodhani. Programu inapoanzishwa, kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, haisomi faili zima. Huweka tu ramani inayoonyesha kwamba anwani fulani za kumbukumbu zinalingana na sehemu fulani za faili lililoko kwenye diski, halafu husoma kurasa, ambazo kwenye vichakataji vya x86 kwa kawaida ni za baiti 4096, pale mchakato unapozigusa. Zaidi ya hapo, ukurasa wa msimbo unaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu wakati wowote nafasi inapobana, kwa sababu kerneli inajua kwamba ukihitajika tena itausoma upya kutoka kwenye diski. Kwa hiyo faili la programu lina kazi muda wote mchakato unapoishi, si wakati wa kuanza tu.

Jambo la pili la kulishika ni kwamba jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Katika Linux na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, jina ni maandishi yaliyomo ndani ya saraka, yanayoelekeza kwenye ainodi, na ainodi ndiyo inayoshika yaliyomo. Mchakato ukishalifungua faili, unashikilia ainodi. Jina likifutwa au likielekezwa kwingine, mchakato hauna habari.

Sasa tazama cp inafanya nini pale faili lengwa lipo tayari. Inaifungua ainodi ileile, inaipunguza hadi urefu wa sifuri, kisha inaanza kuandika yaliyomo mapya. Mchakato ukigusa ukurasa ambao kwa wakati huo uko nje ya mwisho wa faili, kerneli haina cha kuusomea, na hapo ndipo SIGBUS inapotoka. Uandishi ukishakamilika, ukurasa upo lakini ndani yake mna msimbo wa toleo jipya, ambamo funksheni zimehama kutoka katika anwani zake za awali. Mchakato wa zamani unarukia anwani unayoikumbuka na kujikuta katikati ya kitu kingine. Mara nyingi matokeo ni SIGSEGV. Kinachonitisha mimi ni zile mara ambazo mchakato haufi, bali unaendelea kukokotoa kwa msimbo mchanganyiko na kuandika majibu yake kwenye hifadhidata.

Programu yako ya kwanza ilinusurika kwa sababu Linux hukataa kulifungua kwa kuandika faili linaloendeshwa moja kwa moja kama programu. Ulinzi huo hauzihusu maktaba shirikishi. Bendera ya MAP_DENYWRITE, iliyokusudiwa kuzipa maktaba ulinzi wa namna hiyo, bado ina jina lake katika nyaraka za mmap, ambao ndio wito wa kuweka ramani hizo, lakini kerneli huipuuza, kwani ilikuwa inampa mtumiaji wa kawaida uwezo wa kuwazuia wengine wasiandike mafaili yao.

Njia salama ni kuliandika faili jipya kwa jina la muda ndani ya saraka ileile, kisha kulibadilisha jina likalie lile la zamani. Ubadilishaji wa jina ndani ya mfumo mmoja wa mafaili hufanyika kwa pigo moja: anayefungua jina hilo anapata ama la zamani zima ama jipya zima, na mchakato uliokwisha kufungua unabaki na ainodi yake ya zamani hadi utakapoiachia. Hivyo ndivyo dpkg, kisakinishi cha vifurushi cha Debian, inavyofanya, ikitumia jina la muda linaloishia na .dpkg-new. rsync, programu ya kulandanisha mafaili, nayo hufanya hivyo, isipokuwa ukiipa chaguo la --inplace, na amri ya install ya GNU hulifuta kwanza faili la zamani kabla ya kuandika. Tahadhari ni moja: mv, amri ya kuhamisha faili, ikitumika kati ya mifumo miwili ya mafaili si kubadilisha jina bali ni kunakili na kufuta, kwa hiyo kuliandaa faili katika /tmp iliyoko kwenye kizigeu kingine kunaiondoa faida yote.

kitasa

Naongezea upande wa Windows kwa ajili ya wasomaji wengine, maana huko tatizo limegeuzwa kichwa chini. Faili la .exe au .dll lililokwisha kupakiwa na mchakato haliruhusiwi kuandikwa wala kufutwa, hivyo ajali ya SIGBUS aliyoieleza ndugu ganda_tupu kwa kawaida haitokei. Kinachotokea ni kisakinishi kugoma na kudai programu ifungwe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba faili hilohilo lisilofutika linaruhusiwa kubadilishwa jina ndani ya hifadhi ileile. Programu nyingi zinazojisasisha zenyewe hutumia mwanya huo: hulipa faili la zamani jina jingine, huliweka jipya mahali pake, kisha hufuta la zamani programu itakapoanzishwa tena.

Pale ambapo hata hilo halifai, kisakinishi huiomba Windows kupitia MoveFileEx iahirishe ubadilishaji hadi kompyuta itakapowashwa upya. Orodha ya kazi zilizoahirishwa huhifadhiwa katika rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya jina PendingFileRenameOperations, na hiyo ni sababu mojawapo ya visakinishi vingi kuomba kompyuta iwashwe upya. Tangu Windows Vista upo pia utaratibu uitwao Restart Manager, unaokiwezesha kisakinishi kujua ni programu zipi zinazoshikilia faili, kuzifunga kwa adabu na kuzifungua tena. Binafsi naona ugumu huu wa Windows una faida yake: hukulazimisha ulikabili tatizo wakati wa kusasisha, badala ya kukuacha ulikute usiku wa manane.

mfasiri_msimbo

Maelezo ya ndugu ganda_tupu ni sahihi kwa programu mbili za kwanza, lakini naomba nitofautiane naye anapoiita njia ya kubadilisha jina kuwa ni salama bila kuweka mpaka. Kwa programu ya tatu, ile ya Python, mafaili yangebadilishwa kwa uangalifu wote huo na kosa lingetokea vilevile.

Kubadilisha jina kunalinda faili moja lililokwisha kufunguliwa. Programu ya Python si faili moja. Ni mamia ya moduli, na kila moduli husomwa pale agizo la import linapofikiwa. Waandishi wengi huliweka agizo hilo ndani ya funksheni ili programu ianze haraka, na hapo moduli ya ripoti haisomwi hadi mtu aombe ripoti. Ukisasisha kabla ya siku hiyo, mchakato wenye moduli za zamani kwenye kumbukumbu utaisoma moduli mpya ya ripoti, nayo itaita funksheni ambayo toleo jipya limeiongeza kwenye moduli ya msingi. Moduli ya msingi iliyoko kwenye kumbukumbu ni ya zamani, kwa hiyo funksheni hiyo haimo. Kila faili, likitazamwa peke yake, ni zima na halina kasoro. Kinachokosekana ni ulinganifu kati yao.

Kuhusu mstari wa maelezo matupu uliokushangaza, jibu lake ni fupi lakini limepotezea watu muda mwingi. Mchakato hushika namba ya mstari tu, haushiki maandishi yake. Kosa linapotokea, Python huenda kusoma maandishi ya mstari huo kwenye faili la chanzo lililoko kwenye diski wakati huo, ambalo tayari ni jipya. Namba ni ya toleo la zamani, maandishi ni ya toleo jipya. Ukikuta taarifa ya kosa inayoelekeza kwenye mstari usioweza kukosea, shuku kwanza kwamba faili limebadilika tangu mchakato uanze, kabla hujaanza kuusoma msimbo wenyewe.

Java ina sura yake ya tatizo hili, na ni mbaya zaidi. Faili la .jar ni faili la zip lenye orodha ya yaliyomo, na mashine ya Java huisoma orodha hiyo inapolifungua faili, kisha huitumia kuyatafuta madarasa, yaani vipande vya msimbo, yanapohitajika. Ukiandika .jar jipya juu ya lile la zamani, mchakato unabaki kama msomaji anayefuata ukurasa wa yaliyomo wa chapa moja ndani ya kitabu cha chapa nyingine. Hadi Java 8, orodha hiyo ilikuwa imewekewa ramani kwenye kumbukumbu na msimbo wa C, kwa hiyo kulikata faili kuliweza kuiangusha mashine nzima ya Java kwa SIGBUS. Kuanzia Java 9 sehemu hiyo iliandikwa upya kwa Java yenyewe, na sasa unachokutana nacho ni makosa kama ZipException au NoClassDefFoundError, ambayo angalau yanaweza kunaswa na kuandikwa kwenye kumbukumbu za matukio.

Skripti za Bash nazo zisisahaulike. Bash haisomi skripti yote kwa mara moja. Husoma kadiri inavyoendelea na kukumbuka imefikia baiti ya ngapi. Ukiihariri skripti inayoendeshwa, ukaongeza maneno machache juu ya pale ilipofikia, na kihariri chako kikaandika ndani ya ainodi ileile, Bash itaendelea kutoka baiti ileile, ambayo sasa huenda ni katikati ya amri nyingine. Mtu anayetambua hatari ya amri ya rm iliyokatwa mwanzo hahitaji mfano. Kinga yake ni kuifunga skripti nzima ndani ya funksheni moja, na kuiita funksheni hiyo kwenye mstari wa mwisho, ikifuatwa na exit kwenye mstari huohuo, kwani Bash hulazimika kuisoma funksheni yote kabla ya kuanza kuitekeleza.

mtunza_seva

Nawashukuru nyote, sasa naelewa kwa nini cp ilikuwa na sura tatu. Linabaki swali langu la pili. Kama kubadilisha jina hakutoshi kwa programu yenye mafaili mengi, na kuisimamisha huduma kunawakatisha watumiaji walio katikati ya kazi, njia iliyobaki ni ipi? Nimefikiria kuliweka kila toleo kwenye saraka yake na kutumia kiungo laini, yaani jina linaloelekeza kwenye njia nyingine, kiitwacho «sasa», kinachohamishwa kutoka toleo moja hadi jingine.

zamu_ya_usiku

Saraka ya kila toleo ni wazo zuri na ndilo ninalolitumia, ila kiungo laini chenyewe kinaweza kukurudisha palepale ulipotoka. Iwapo programu inayatafuta mafaili yake kupitia njia yenye neno «sasa» ndani yake, basi siku utakapokihamisha kiungo, mchakato wa zamani utaanza kuyasoma mafaili ya toleo jipya kila unapohitaji moduli ambayo haujaisoma bado, na mchanganyiko alioueleza ndugu mfasiri_msimbo utarudi wote. Kiungo kinapaswa kutatuliwa mara moja tu, wakati wa kuanza: skripti ya kuwasha huduma iitafute njia halisi ya toleo, iiingie saraka hiyo, na kuanzia hapo mchakato usilijue tena neno «sasa». Saraka ya zamani isifutwe hadi mchakato wa mwisho uliozaliwa humo uishe. Watu wengi hulikumbuka sharti la kwanza na kulisahau la pili.

Wanaotumia PHP wana mtego wa ziada, kwa kuwa PHP hukumbuka njia halisi ya kila faili kwa sekunde 120 kama mpangilio haujabadilishwa, na opcache, yaani ghala lake la msimbo uliokwisha kutafsiriwa, ina ratiba yake yenyewe ya kukagua kama mafaili yamebadilika. Kwa muda huo, maombi mawili yanayofuatana yanaweza kuhudumiwa na matoleo mawili tofauti. Ni afadhali kuiambia seva ya wavuti itume njia halisi badala ya kiungo.

Ama kuhusu kutosimamisha huduma, kanuni ni kwamba mchakato mpya uanze kabla ya ule wa zamani kuondoka. Mfano mzuri ni nginx, ambayo ni seva ya wavuti: ukishaweka programu mpya mahali pake, unautumia mchakato mkuu ishara ya USR2, nao unazaa mchakato mkuu mpya unaorithi soketi (ncha za mawasiliano ya mtandao) zilezile zinazosikiliza. Kwa muda, wa zamani na wapya wanapokea maombi kwa pamoja. Kisha unautumia ule wa zamani QUIT, nao unamaliza maombi yaliyoko mkononi na kuondoka. Kama programu yako haina uwezo huo, weka mbele yake kisawazishi cha mzigo kinachogawa maombi, uwashe toleo jipya kwenye lango jingine, na uelekeze maombi mapya huko huku ya zamani yakimalizika polepole. Hilo linadai jambo ambalo haliko kwenye mafaili kabisa: matoleo mawili yaweze kuitumia hifadhidata moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kazi ngumu ilipo, na hakuna amri ya Linux itakayokusaidia.

Inafaa pia kutazama namna vivinjari vilivyolitatua jambo hili, kwa sababu vyenyewe huzaa michakato mipya kila mara na haviwezi kusubiri usiku. Chrome kwenye Linux huanzisha mapema mchakato uitwao zygote, uliokwisha kuyafungua mafaili yote muhimu, na michakato ya kurasa huzaliwa kwa kuunakili huo, hivyo yote hubaki ya toleo moja hata kama mafaili kwenye diski yamebadilishwa. Firefox, kwa miaka mingi, iliposasishwa chini yake na kidhibiti cha vifurushi, na ikagundua kwamba mchakato mpya si wa toleo lake, ilikuwa ikikataa kufungua kichupo kipya na kukuomba uiwashe upya. Njia ya pili inaudhi watumiaji, lakini ni ya kweli, na kwa huduma ndogo ningeichagua hiyo: programu ilinganishe namba ya toleo lake na iliyoko kwenye diski kabla ya kupakia chochote kipya, na isipolingana, ikatae waziwazi.

ganda_tupu

Ninakubaliana na mpaka uliowekwa. Niongeze upande ambao haujaguswa, nao ni hatari ya kinyume: si mchanganyiko, bali msimbo wa zamani kuendelea kuishi kimyakimya. Kwa kuwa mchakato hubaki na ainodi ya zamani, maktaba iliyosasishwa kwa ajili ya usalama hailindi chochote hadi kila mchakato unaoitumia uwashwe upya. Mwezi Aprili 2014, kasoro ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliyoitwa Heartbleed ilipotangazwa, kusakinisha kifurushi kipya bila kuwasha upya seva ya wavuti kuliacha mlango wazi, ingawa kidhibiti cha vifurushi kilionyesha toleo lililorekebishwa.

Kujua ni nani bado anashikilia mafaili ya zamani si vigumu. Faili la maps lililomo ndani ya /proc ya kila mchakato huorodhesha mafaili yaliyowekewa ramani, na lile ambalo jina lake limeondolewa huwekewa alama ya kufutwa. Amri ya lsof yenye chaguo la +L1 hukuonyesha yaliyofunguliwa ambayo hayana jina tena. Kwenye Debian na Ubuntu kuna needrestart inayofanya ukaguzi huu baada ya kila sasisho, na watumiaji wa dnf, kidhibiti cha vifurushi cha Fedora, wana needs-restarting. lsof hiyohiyo itakusaidia siku utakapoona df inadai kwamba diski imejaa ilhali du haioni kilichoijaza: nafasi ya faili lililofutwa hairudi hadi mshikaji wake wa mwisho aliachie.

mtunza_seva

Nimeyatazama mafaili ya maps na nimekuta maktaba ambayo nilidhani imeondoka zamani. Swali la mwisho: saraka mojawapo ya programu iko kwenye NFS, yaani mfumo wa kushiriki mafaili kupitia mtandao, na inasomwa na seva mbili. Je, haya ya ainodi kubaki hai yanahusu huko pia?

ganda_tupu

Kwa sehemu tu. Faili likifutwa kutoka kwenye seva ileile inayolitumia, programu ya mteja wa NFS haitumi ombi la kufuta, bali hulibadilisha faili jina liwe lile linaloanza na .nfs, na kulifuta mchakato unapolifunga. Kwa hiyo mafaili hayo ukiyakuta usiyafute kwa mkono. Lakini seva ya pili haina habari hizo. Ukilifuta faili kutoka seva ya kwanza, au ukaliwekea jipya juu ya jina lake, mchakato wa seva ya pili uliokuwa umelifungua unaweza kupata kosa la ESTALE, yaani faili lililoshikiliwa halipo tena, na ukiwa unaendesha msimbo kutoka kwenye faili hilo, utaanguka kama ulivyoanguka ule wa SIGBUS. Kwa saraka hiyo, nakili toleo zima kwenye diski ya ndani ya kila seva kabla ya kuliwasha, na NFS ibaki kuwa ghala la kuchukulia tu.